Mji uliobanana, uliotawanyika au wa vidole: upi una hewa ya kuvuta?

Ramani ya mpango wa mji ikitandazwa mezani, maswali huwa ni yale yale: kiwanja changu kimeangukia wapi, barabara itapita kwa nani, maji yatafika lini. Hewa haiulizwi. Nadhani ni kwa sababu haina mpaka wala hati. Lakini mistari inayochorwa siku hiyo ndiyo itakayoamua watu wavute nini kwa miaka mia ijayo. Kwa hiyo hapa nalinganisha maumbo makuu ya miji kwa jicho la hewa peke yake, ili diwani, mpima ardhi, mwenye nyumba au mpangaji atakayeitwa kutoa maoni awe na la kusema.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 mwaka 2019. Adui mkubwa ni chembechembe laini, zile ambazo upana wake hauzidi maikroni 2.5. Ukizipanga mstari, thelathini hivi ndizo zitakazofikia unene wa unywele mmoja. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na karibu kila mji mkubwa duniani uko juu ya hapo.

Kabla ya kulinganisha, tenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: mji unatoa moshi kiasi gani? La pili: moshi huo unapita kwenye pua ngapi kabla haujatawanyika? Mji unaweza kufaulu la kwanza ukaanguka la pili. Ugomvi mwingi kati ya wapenda ghorofa na wapenda viwanja vikubwa hutokana na mmoja kujibu la kwanza huku mwenzake akijibu la pili.

Kilomita ambazo mji unakulazimisha uendeshe

Mfano mzuri kuliko wote ni wa Atlanta ya Marekani na Barcelona ya Hispania. Alain Bertaud, mpangaji miji aliyefanya kazi Benki ya Dunia, aliiweka miji hii miwili kando kwa kando kwa takwimu za mwaka 1990. Atlanta ilikuwa na watu milioni 2.5 waliokaa kwenye eneo lililojengwa la kilomita za mraba 4,280. Barcelona ilikuwa na watu wengi zaidi kidogo, milioni 2.8, kwenye kilomita za mraba 162. Yaani karibu idadi ile ile ya watu, na ardhi iliyotofautiana mara ishirini na sita. Kutoka ukingo hadi ukingo Atlanta ilifika kilomita 137, Barcelona 37.

Umbali huo hauishii kwenye ramani. Kila anayepeleka mtoto shule, anayekwenda kazini au anayefuata dawa anaulipa kwa mafuta. Halafu basi na treni hazina njia ya kumsaidia, kwa kuwa karibu na kituo chochote utakachojenga kuna nyumba chache mno. Bertaud alipiga hesabu kwamba ili watu wa Atlanta wawe karibu na reli kama walivyo wa Barcelona, ingebidi zijengwe kilomita 3,400 hivi za reli na vituo 2,800. Hakuna halmashauri yenye uwezo huo. Mji ukishatawanyika kiasi hicho, gari linakuwa sharti la kuishi, na kumlaumu dereva ni kumwonea.

Kwa swali la kwanza, basi, mji uliobanana unashinda wazi. Watu wanatembea, wanapanda baiskeli, mabasi yanajaa, na nyumba zinazoshikana kuta hupoteza joto kidogo kwenye nchi za baridi. Ila kuna jambo moja ambalo watetezi wake hulisahau. Gari linapowashwa asubuhi likiwa baridi, kile kifaa cha kusafisha moshi kilichomo kwenye bomba hakifanyi kazi sawasawa mpaka kipate joto la nyuzi 300 hivi. Kilomita za mwanzo ndizo chafu kuliko zote. Kwa hiyo mji wenye safari fupi, ambao watu wake bado wanaziendea safari hizo kwa gari, unakosa sehemu kubwa ya faida yake. Ufupi wa safari una maana pale tu safari hiyo inapofanywa kwa miguu, na mtu hatembei kama hakuna njia ya miguu, kivuli wala taa.

Je, aliyehamia pembezoni hapati walau hewa safi? Wengi huhama kwa tumaini hilo, na kwa chembechembe za barabarani mara nyingi hupata nafuu kweli. Kwa ozoni, gesi inayoumiza mapafu ikiwa karibu na ardhi, mambo ni tofauti. Ozoni haitoki kwenye bomba la moshi. Huundwa na jua kutokana na gesi zilizotoka kwenye magari na viwanda, na huchukua saa kadhaa kuiva. Katikati ya mji, gesi mbichi ya magari huila ozoni papo hapo. Upepo ukishaisukuma hewa hiyo kilomita nyingi, ozoni inarundikana huko inakofika. Los Angeles ndiko jambo hili lilikojulikana mapema. Ukungu wa moshi uliwavamia watu mwaka 1943, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit akaonyesha kwamba magari na jua ndiyo chanzo. Mpaka leo maeneo ya bara kama San Bernardino na Riverside ndiyo yanayoteswa zaidi na ozoni, wakati wakazi wa ufukweni wanapata upepo wa bahari. Moshi wa mjini unamfuata aliyeukimbia.

Na mtu huyo hukaa saa mbili kwa siku ndani ya gari kwenye foleni, tundu la hewa la gari lake likivuta kutoka kwenye bomba la gari la mbele. Saa hizo mbili huwa hazihesabiwi anapolinganisha hewa ya nyumbani kwake na ya mjini.

Barcelona ilikoshindwa

Ningeweza kuishia hapo na kusema tubanane, lakini Barcelona yenyewe inanikataza. Mji huo wa kupigiwa mfano ulivuka kwa miaka mingi kikomo cha Umoja wa Ulaya cha naitrojeni daioksaidi, gesi itokayo hasa kwenye moshi wa magari, ambacho ni mikrogramu 40 kwa wastani wa mwaka, hadi Desemba 2022 mahakama ya umoja huo ikaamua kwamba Hispania ilikuwa imekiuka sheria katika eneo la Barcelona na la Madrid. Magari kwa kila mtu yalikuwa machache, lakini magari kwa kila kilomita ya mraba yalikuwa mengi, na yalipita katikati ya kuta za ghorofa.

Hapo ndipo umbo la mtaa mmoja linapokuwa na uzito kuliko umbo la mji mzima. Chukua mtaa mwembamba unaotoka kaskazini kwenda kusini, majengo ya ghorofa nane kila upande. Upepo unavuma kutoka mashariki. Unapita juu ya mapaa na haushuki kuusafisha mtaa. Unaisukuma tu hewa ya ndani izunguke kama gurudumu. Hewa hiyo inateremka kwenye ukuta wa magharibi, inakimbia chini kwa chini kurudi mashariki ikizoa moshi wa magari, kisha inapanda nao kwenye ukuta wa mashariki. Mama aliyesimama kituoni upande wa mashariki na mtoto mgongoni anavuta hewa chafu kuliko jirani yake aliye ng'ambo ya barabara, hatua kumi na tano tu kutoka alipo. Pitisha kidole kwenye vizingiti vya madirisha ya pande hizo mbili, na mara nyingi masizi yatakuonyesha upepo wa pale unatoka wapi. Kadiri majengo yanavyozidi kwa kimo upana wa mtaa, ndivyo gurudumu hilo linavyozidi kujifungia.

Hata miti, ambayo kila mtu huipenda, inahitaji akili hapa. Kwenye barabara ya wazi, ua mnene wa mimea kati ya magari na wapita njia unapunguza moshi unaowafikia. Kwenye mtaa mwembamba kama ule, matawi yakikutana juu yanakuwa kifuniko. Sisemi miti ikatwe. Nasema ichaguliwe na ipandwe kwa nafasi.

Linaloniuma kuhusu Barcelona ni kwamba aliyeichora alikuwa ameiwazia hewa. Ildefons Cerdà, katika mpango wake wa mwaka 1859, alikusudia majengo yakae pande mbili tu za kila mraba na katikati pawe bustani, upepo na jua vipite. Baadaye wenye viwanja walijenga pande zote nne, wakaongeza ghorofa, wakajaza na bustani. Mpango ulikuwa sahihi, ukaliwa kidogo kidogo kwa vibali. Ukisoma ramani nzuri ya mji wowote, uliza pia ni nani atakayezilinda nafasi zake wazi miaka thelathini baadaye.

Mji huo umeanza kujirekebisha bila kubomoa. Miraba tisa inaunganishwa kuwa kitu kimoja, magari ya kupita njia yanazungushwa nje, na mitaa ya ndani inarudishwa kwa watu. Walianza mtaa wa Poblenou mwaka 2016, wakafuata mtaa wa Sant Antoni mwaka 2018, ambako vipimo vya idara ya afya ya mji vilionyesha naitrojeni daioksaidi kupungua kwa takriban robo. Hong Kong ilichukua njia nyingine. Baada ya ugonjwa wa mapafu wa SARS wa mwaka 2003, watu waliikasirikia minara iliyopangwa mstari ufukweni ikauzuia upepo wa bahari kama ukuta, na kuanzia mwaka 2006 miradi mikubwa ya serikali ikatakiwa kupimwa kwanza jinsi itakavyouathiri upepo. Minara ile ile ikiachiwa mianya inayoelekea upepo unakotoka, watu wanabaki wengi na hewa inapita.

Kwa hiyo ukiambiwa mji wenu utabanana, unga mkono, halafu sisitiza mambo mawili: magari yaondolewe kwenye mitaa ya ndani, na mianya ya upepo iandikwe kwenye sheria ndogo. Bila hayo mmepunguza moshi na kuusogeza puani.

Vidole

Umbo la tatu ndilo ninalolipenda, na ndilo lisilofahamika sana. Mwaka 1947 Copenhagen ilichorewa mpango wenye sura ya kiganja: mji wa zamani katikati, vidole vitano vya makazi vikifuata njia za treni, na kati ya kidole na kidole mashamba na misitu iliyoachwa bila kujengwa. Aliye kwenye kidole anatembea hadi kituoni, na akigeuka upande wa pili anakutana na kijani. Zile nafasi za kati ndizo milango ya upepo.

Curitiba, nchini Brazili, ilifanya jambo la namna hiyo kwa fedha kidogo. Mpango wake wa mwaka 1966 uliruhusu majengo marefu kwenye mihimili michache tu, na kuanzia mwaka 1974, chini ya meya Jaime Lerner, mabasi ya haraka yakapewa njia yao katikati ya mihimili hiyo. Mahali unaporuhusu ghorofa ndipo abiria watakapotokea. Curitiba iliviamua vyote viwili pamoja. Miji mingi hujenga kwanza, kisha hutafuta basi.

Udhaifu wa umbo hili uko hapo hapo kwenye nguvu yake. Unawapanga watu wengi kandokando ya barabara kuu, na moshi wa barabara kuu ni mkali zaidi katika mita za mwanzo, kisha hupungua haraka ndani ya mita 150 hadi 300. Kinachopita kwenye mhimili, basi, kina uzito mkubwa. Treni ya umeme ni jambo moja, msururu wa mabasi chakavu ya dizeli ni jambo jingine kabisa. Delhi ilihamishia mabasi yake yote ya umma kwenye gesi asilia kufikia mwisho wa mwaka 2002, kwa amri ya Mahakama ya Juu ya India, na ikapata nafuu. Lakini mji uliendelea kutanuka na magari binafsi yakaongezeka mpaka yakaimeza nafuu hiyo. Dawa ya pili ni ya kupanga matumizi ya ardhi: safu ya kwanza barabarani iwe ya maduka na ofisi, nyumba zifuate, na shule, hospitali na vituo vya wazee viwe ndani zaidi.

Kuna pia miji ya vituo vingi, yenye katikati nne au tano. Inafaa pale kila kituo kinapokuwa na kazi, shule na nyumba za bei mbalimbali. Ikiwa kituo kimoja ni cha ofisi tupu na kingine cha kulala tu, safari zinakatizana kila upande na hakuna basi linaloweza kuzifuata. Mara nyingi mpango unaoitwa wa vituo vingi huwa ni mtawanyiko uliopewa jina zuri.

Bonde, kilima na kifuniko

Mambo yote hapo juu yanabadilika mji ukiwa bondeni. Usiku usio na mawingu ardhi inapoa, hewa baridi inatuama chini, na hewa vuguvugu inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa alfajiri haupandi. Mexico City iko kwenye bonde lililozungukwa na milima, mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwaka 1992 Umoja wa Mataifa uliitaja kuwa na hewa chafu kuliko miji yote. Tangu mwaka 1989 serikali yake ilikuwa imekataza kila gari kutembea siku moja kwa wiki kulingana na namba yake. Watafiti waliochunguza baadaye hawakuona hewa ikiboreka. Baadhi ya familia zilinunua gari la pili, mara nyingi kuukuu. Umbali wa kwenda kazini ulikuwa haujabadilika, kwa hiyo watu walitafuta njia ya kuendelea kuendesha.

Stuttgart, Ujerumani, iko bondeni pia, na tangu mwaka 1938 imekuwa na mtaalamu wa hali ya hewa katika halmashauri. Wanajua kwamba usiku hewa baridi na safi huteremka kutoka milimani kwa kufuata makorongo, kwa hiyo yapo miteremko na makorongo wasiyoruhusu yajengwe. Mji wenu ukiwa na vilima, ombeni ramani ya upepo wa usiku kabla ya ramani ya viwanja. Mteremko wenye mandhari nzuri ndio wa kwanza kuuzwa, na jengo moja refu linalokaa upande kwa upande linatosha kuziba mdomo wa korongo.

Kasi ya kukua

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba asilimia 55 ya watu duniani walikuwa mijini mwaka 2018, na kwamba watafika asilimia 68 ifikapo mwaka 2050. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo iko kwenye miji ambayo watu hufika kabla ya huduma. Hapo uchafuzi una sura nyingine: barabara za vumbi, taka zinazochomwa kwa kuwa hakuna gari la kuzizoa, jenereta umeme unapokatika, mkaa na kuni jikoni. Nyumba zimebanana, ndiyo, lakini moshi wa jiko la jirani unaingia dirishani kwako. Mtu asije akauita huo mji uliobanana kwa maana niliyoieleza, wala asiutumie kama hoja ya kuwatawanya watu kilomita arobaini nje. Nishati safi ya kupikia na kuzoa taka vitaisafisha hewa ya mtaa huo haraka kuliko mpango wowote wa majengo.

Nakubali pia kwamba umbo halimalizi kila kitu. Maelfu waliokufa London Desemba 1952 waliuawa hasa na moshi wa makaa ya mawe, na sheria ya mwaka 1956 ndiyo iliyoanza kuuondoa. Beijing, yenye barabara za mzunguko na magari kila kona, ilishusha wastani wake wa chembechembe laini kutoka mikrogramu 89.5 mwaka 2013 hadi 33 mwaka 2021, zaidi kwa kuondoa makaa ya mawe na kuvibana viwanda na magari. Ukiwa na kiwanda kinachofuka katikati ya makazi, shughulika nacho kwanza.

Ila chujio linafungwa kwa mwaka mmoja na gari linazeeka kwa miaka kumi na tano, wakati mitaa ya Cerdà ya mwaka 1859 iko pale pale. Hata magari ya umeme, ambayo nayaunga mkono, yanaacha vumbi la matairi na breki, na hayafupishi safari. Udongo uwahi ungali maji, na mji unaokua kwa kasi ndio udongo wenyewe.

Ningechagua hivi

Mji mdogo unaokua haraka: vidole, bila kusita. Tengeni njia ya treni au basi sasa hata kama fedha za kuijenga hazipo, na wekeni mipaka ya nafasi za kijani kabla ardhi haijapanda bei.

Mji uliokwisha kutawanyika: msijaribu kuujenga upya wote. Chagueni vituo vichache vyenye usafiri, ruhusuni ghorofa kuvizunguka, na acheni kupima viwanja vipya ukingoni. Kila kiwanja cha ukingoni ni gari jingine.

Mji uliokwisha kubanana: msipanue barabara. Fungeni mitaa ya ndani kwa magari ya kupita njia, na jengo jipya lisipewe kibali kabla ya kuonyesha upepo utapita wapi. Mji wa bondeni ufanye yote hayo baada ya kuilinda miteremko.

Na ukiitwa kwenye kikao, nenda na rula. Tafuta alama ya shule kwenye ile ramani, upime umbali wake hadi barabara kuu kwa kipimio kilichochapwa pembeni. Ukikuta ni chini ya mita 150, inua mkono uombe isogezwe, wakati bado ni rangi tu kwenye karatasi.